Buji ya motokari mu moteri ya ndege: akiba ao hatari?

Pa Kolwezi, nyuma ya soko, kuko garaji moja ndogo yenye kufunikwa na mabati. Pale njo wachimbaji wanapeleka pikipiki zao na motopompe zao wakati zinakataa kuwaka. Tulikaa pale asubuhi nzima, juu ya benchi la mbao, tukingojea motopompe ya rafiki yetu moja wa ku mugodi. Juu ya meza ya fundi kulikuwa buji mbili: moja ya motokari, ndogo na nyeupe sawa tunazijua sisi wote, ingine kubwa, nzito, yenye kuvaa chuma toka chini mpaka juu.

Kijana moja muchimbaji aliinua ile kubwa.

— Papa fundi, hii ni ya lori?

— Hapana, mutoto wangu. Hiyo ni ya ndege. Rafiki yangu wa ku kiwanja njo alinipatia. Ilishakufa.

— Na bei yake?

— Bei ya hiyo moja, utauza za motokari kumi, na feza itabakia ku mukono.

— Sasa ju ya nini basiweke ya motokari? Cheche si ni cheche tu?

Fundi alicheka, akatuonyesha na kidole: «Uliza bale bandugu ba gazeti. Bao njo banasoma mambo mingi.»

Wasomaji wetu, hatukutaka kumujibu kijana kwa haraka. Ulizo lake si la kuchekesha. Mu Marekani na mu Ulaya kuko watu wenye kuruka kila juma na buji za motokari mu moteri ya ndege, na wanarudi salama. Na kuko wengine wenye kukatazwa kabisa kufanya vile. Wote wawili wako na sababu. Twende pole pole.

Buji ni mugodi mudogo

Buji ni kitu kidogo, lakini ndani yake muko kazi ya mikono yenu. Ule mupiko wa katikati, wenye kuleta umeme, mu buji nyingi za leo uko na moyo wa shaba. Inje yake ni nikeli, sababu nikeli inavumilia moto wa ndani ya silinda. Lakini shaba njo inaondoa ule moto upesi na kuupeleka inje. Ile nyeupe ni porselini ya alumina, ndugu ya ile alumina wanayotoa mu bauksiti. Zamani, mbele ya porselini nzuri kupatikana, buji za ndege zilikuwa na mika. Na ile pete ya kuwekwa chini ya buji ya ndege, ya kufunga hewa isitoke, ni shaba tupu. Buji za bei kubwa zaidi ziko na ncha ya platini ao iridiumu.

Kiko tena na manyeto, ile mashini ndogo inayozaa umeme wa buji mu ndege. Sumaku yake mara mingi ni ya alnico, maana yake aluminiumu, nikeli na kobalti. Waya za ndani ni shaba. Kwa hiyo mutu wa Katanga asiseme ndege si mambo yake. Hata kama hajapanda siku moja, kazi ya baba yake inaruka.

Wakati wandugu Wright waliruka mara ya kwanza, tarehe 17 desemba 1903, moteri yao haikuwa hata na buji. Kulikuwa vipande viwili vya chuma ndani ya silinda, vinagusana na kuachana, na pale cheche inazaliwa. Lakini mwaka uliotangulia, 1902, mu Ujerumani, ku nyumba ya Bosch, fundi Gottlob Honold alikuwa amekwisha kufanya manyeto ya nguvu nyingi pamoja na buji yake. Toka pale buji iliingia mu motokari, kisha mu ndege, na kila moja ikashika njia yake.

Ju ya nini mbili ku kila silinda?

Tuchukue moteri moja ambayo watu wengi wa ndege ndogo wanaijua: Lycoming O-320. Njo ile iliyowekwa mu Cessna 172 toka 1968. Iko na silinda 4, nguvu ya farasi 150 ao 160, na buji 8. Ndiyo, 8. Kila silinda iko na mbili, moja juu na moja chini. Na kuko manyeto mbili, kila moja inalisha buji 4.

Sababu ya kwanza: silinda ya ile moteri ni pana, karibu milimetri 130. Cheche moja peke inakawia kuwasha esanse yote. Cheche mbili zinakutana katikati.

Sababu ya pili, ninyi wachimbaji mutaielewa kushinda wengine wote. Mugodi mwema haubakie na mulango moja. Kama njia moja inaziba, kuko ingine ya kutokea. Manyeto mbili ni njia mbili za kutokea. Moja ikikufa juu ya pori, moteri inapoteza nguvu kidogo, lakini piloti anafika. Tena manyeto haiombe kitu ku batri: moteri ikizunguka, manyeto inazaa umeme yenyewe. Piloti anaweza kuzima umeme wote wa ndege, na moteri itaendelea kuimba.

Njo maana mbele ya kuruka, piloti anazima manyeto moja, anasikiliza, anaiwasha, kisha anazima ingine. Mwendo wa moteri unashuka kidogo. Ukishuka sana, harukake. Anarudi, na fundi anatoa buji.

Namna wale wengine wanafanya

Sasa, wale wa buji za motokari ni nani? Ni watu wenye kujijengea ndege wao wenyewe, mu hangari yao, kwa mbao, kwa aluminiumu ao kwa nyuzi za kioo. Sheria ya Marekani inaita ndege ile ya majaribio, na inamuruhusu mwenye kuijenga achague moteri na vyombo vyake. Mu Ufaransa vilevile kuko karatasi ya pekee kwa ndege za watu wenye kujijengea. Pale mutu anaweza kujaribu, lakini imeandikwa wazi mu ndege yake kwamba haikupita mu njia ya kampuni kubwa.

Buji ya ndege iko na meno ya milimetri 18. Buji za motokari wanazotumia ziko na meno ya milimetri 14. Haziingiane. Kwa hiyo wanaweka kipande cha chuma katikati, adaptateri: inje milimetri 18, ndani milimetri 14. Ukiona ile kwa macho, utasema kazi imekwisha. Kumbe njo inaanza. Mambo matatu yanangojea.

Jambo la kwanza ni moto. Buji haiwashe tu. Inapaswa pia kupoa. Moto wake unatoka kwa kupita mu meno, unaingia mu kichwa cha silinda, na upepo unaupeleka. Ukiweka adaptateri, umeongeza ukuta mu njia ya moto. Buji ikibakia nyekundu sawa kaa, itawasha esanse mbele ya saa yake, wakati pistoni ingali inapanda. Pale pistoni inapigwa kichwani. Mu dakika kidogo inaweza kutoboka. Njo maana wanachagua buji ya baridi. Mu buji za NGK, kwa mufano, wengi wanatumia BR8ES. Ile 8 njo kipimo cha moto: ku NGK namba ikipanda, buji ni ya baridi zaidi. Lakini muangalie sana! Ku Bosch na ku Champion ni kinyume: namba ikipanda, buji ni ya moto zaidi. Mafundi wengi wamechoma pistoni sababu ya ile tofauti moja.

Jambo la pili ni nafasi ya cheche, ile katikati ya ncha mbili. Ku buji ya ndege yenye kulishwa na manyeto, nafasi ni karibu milimetri 0,4 mpaka 0,5. Ni ndogo. Ku motokari ya leo nafasi inaweza kufika 0,8 na kupita. Mutu akikamata buji ya motokari vile ilivyotoka mu karatasi, akaifunga ku manyeto, manyeto itapaswa kusukuma umeme kwa nguvu nyingi zaidi ili uruke. Pa chini itaweza. Lakini juu, hewa ni nyepesi, na umeme unapenda njia rahisi: badala ya kuruka ku buji, unaruka ndani ya manyeto yenyewe, na kuiharibu. Basi kama manyeto inabakia, nafasi inapaswa kufungwa. Na kama mutu anataka nafasi kubwa, anatoa manyeto na kuweka alumaji ya elektroniki.

Njo vile wengi wanafanya. Mu California, Klaus Savier amefanya ile kazi miaka mingi na alumaji zake za elektroniki, na yeye mwenyewe anaruka nazo. Manyeto inawasha siku zote pa fasi moja, ku moteri ile ni digri 25 mbele ya pistoni kufika juu, hata moteri iwe imechoka ao imepumzika. Ya elektroniki inasogeza ile saa kulingana na kazi, na esanse kidogo inabakia mu tanki. Basi munaona: hawabadilishe buji peke. Wanabadilisha nyumba yote ya umeme, na buji ya motokari inakuja nyuma sawa mutoto mwenye kufuata mama yake.

Lakini ile nyumba mpya inaomba batri. Batri ikikufa, cheche inakufa. Kwa hiyo wenye akili wanabakiza manyeto moja ya zamani upande moja, na elektroniki upande mwingine. Ao wanaweka batri ya pili, ao alumaji yenye kujizalia umeme. Njia mbili za kutokea: ile sheria haifutwe hata siku moja.

Jambo la tatu ni redio. Buji ya ndege imevaa chuma, na waya zake vilevile, sababu kila cheche inapiga kelele mu redio. Buji ya motokari iko uchi. Piloti anaweza kusikia trrr-trrr tu badala ya sauti ya mutu wa munara. Kwa kupunguza ile kelele wanachukua buji yenye rezistansi, njo ile R mu BR8ES, na waya za namna ile ile.

Sumu ya risasi

Kuko kitu kingine kinachokula buji za ndege: risasi, ile wengi wanaita plombo. Esanse ya motokari mu dunia yote imeachana na risasi. Inchi ya mwisho, Algeria, iliacha mu 2021. Lakini esanse ya ndege ndogo, ile wanaita 100LL, ingali inabeba risasi, mpaka gramu 0,56 ku kila litri. Inasaidia moteri isigonge, lakini inaacha majivu. Fundi akitoa buji za chini, anakuta tumbegu tudogo tugumu, tumejaza nafasi ya cheche. Buji ile imekufa mpaka isafishwe.

Hapa njo buji ya motokari inashinda: ikichafuka, wanaitupa na kuweka mupya, bila kulia. Buji ya ndege ni ya bei, inatolewa karibu kila saa 100 za kuruka, inasafishwa, inapimwa, inarudishwa. Na Marekani imepanga kuacha ile esanse ya risasi mwisho wa mwaka 2030.

Tunawaambia jambo hili na wamama wa nyumba: kama kijana wako anasafisha buji za ndege, ao kama analeta ile esanse ku nyumba juu ya kuosha vyombo vya kazi, umukataze. Asipulize buji na mudomo. Aoshe mikono mbele ya kukula, na nguo zake zisichangwe na za batoto. Hatuko mbali na Kabwe, pa Zambia. Mugodi wa risasi wa pale ulifungwa mu 1994, na mpaka leo batoto wa pale wangali na risasi mu damu. Risasi haiharakishe, lakini haisahau.

Moteri iliyozaliwa nayo

Sasa kijana wetu atauliza: basi, kuko ndege yenye kutoka ku kiwanda na buji sawa za motokari? Iko. Mu Austria, Rotax wanafanya moteri 912, silinda 4, nguvu ya farasi 80 ao 100. Buji zake ni za namna ya motokari na pikipiki, na inakunywa esanse ya pompe ya njiani. Lakini angalia: na yenyewe iko na buji 2 ku kila silinda, na alumaji mbili za elektroniki zenye umeme wao wenyewe. Wale mafundi hawakuweka buji ya bei kidogo mu moteri ya mutu mwingine. Walizaa moteri yote pamoja na buji yake: moto wake, nafasi yake, urefu wake.

Njo jibu letu kwa kijana. Buji ya motokari haiko mbaya. Ubaya ni kuiingiza mu nyumba isiyojengwa kwa ajili yake, bila kubadilisha kitu kingine. Na ndege yenye kubeba watu na mizigo kwa feza, ile yenye karatasi za kampuni, pale hakuna mazungumzo: kila buji imeandikwa mu kitabu cha moteri, na fundi akiweka ingine, ndege haiko tena na haki ya kuruka. Hata piloti awe rafiki yake. Hata buji ya kweli ichukue majuma tatu kufika.

Motopompe ya rafiki yetu

Tulikuwa tungali tunazungumza wakati fundi alifungua motopompe ya rafiki yetu. Akanyamaza. Kisha akatuita tuone.

Kichwa cha ile moteri kilitengenezwa kwa buji yenye muguu mufupi, milimetri 12,7. Mutu moja ku mugodi alikuwa ameweka ile ya muguu murefu, milimetri 19. Meno yalikuwa sawa, iliingia vizuri, alikaza na nguvu. Moteri ilipozungushwa, pistoni ilipanda na kugonga buji. Ncha ilikatika, ikaanguka ndani, na pistoni ilikuwa na kidonda katikati.

— Nani aliweka hii? fundi aliuliza.

Rafiki yetu aliangalia chini. «Ni muloko wangu. Alisema buji ni buji.»

Siku tatu maji ilikuwa imepanda mu kishimo. Siku tatu watu 11 walikuwa wanaikala inje. Bibi ya rafiki yetu alikuwa amekopa unga kwa jirani mara mbili. Yote ile kwa milimetri 6 za chuma. Kijana wetu, mwenye kusema cheche ni cheche, alirudisha ile buji kubwa juu ya meza pole pole, sawa mutu anaweka yai.

Basi, wasomaji wetu, mbele ya kununua buji ya motopompe, ya pikipiki ao ya gurupu ya umeme, mukamate ile ya zamani mukononi na mufanye hivi:

Musome namba yake na muilinganishe na kitabu cha moteri. Kwa mufano moteri ya Honda GX160, ambayo wengi munaijua, inaomba BPR6ES, na nafasi ya milimetri 0,7 mpaka 0,8.

Mupime muguu wa meno. Mufupi kwa mufupi, murefu kwa murefu. Mufupi mu tundu refu, masizi inajaza meno. Murefu mu tundu fupi, mumekwisha kuona.

Muangalie rangi ya ncha. Kahawia ao kijivu, moteri iko muzima. Nyeusi na kavu, inakunywa esanse mingi ao hewa imezibwa. Nyeusi na majimaji ya mafuta, pete za pistoni zimechoka. Nyeupe sawa chokaa, ao imeyeyuka, moto umepita: muzime mbele ya kuharibu.

Mukaze na vidole kwanza mpaka mwisho, kisha na ufunguo kidogo. Buji yenye kukataa kuingia na vidole iko na sababu yake.

Mulangoni, wakati tulikuwa tunatoka, kijana alimuuliza fundi kama anaweza kuja siku ya posho kujifunza. Fundi alimutazama mara moja, akamupatia kitambaa na burashi ya waya.

— Anza leo. Safisha hii meza kwanza.